Darubini Iliyopimwa kwa Fremu ya Stoo

Fundi seremala huyu aliitwa Timazi tangu kabla hajaoa, na waliompa jina hilo hawakukusudia kumsifu tu. Alikuwa na tabia ya kuingia nyumba ya mtu na, kabla hajakaribishwa kiti, kutazama kona ya dari, kisha kizingiti, kisha kushusha pumzi kama daktari aliyesikiliza kifua kibovu. Mkewe husimulia kwamba siku moja, katika nyumba ya msiba, watu wakiwa bado wanalia, mumewe alinyanyuka akaenda ukutani kuinyoosha picha ya marehemu. Mwenyewe hakanushi. Husema tu kwamba picha ilikuwa imelala, na marehemu alikuwa mtu mnyoofu.

Ujana wake wote alikuwa mpiga shabaha katika klabu iliyo nje kidogo ya mji, hadi alipoanguka kutoka jukwaani kazini na bega la kulia likakataa kustahimili kishindo cha bunduki. Leseni na bunduki zilibaki zake, zikifungiwa katika sanduku la chuma chumbani, lakini aliyelala juu ya mkeka wa kupigia sasa alikuwa binti yake wa pekee. Binti huyu alikuwa mshonaji wa mapazia katika karakana moja ya mjini, mtu wa maneno machache na mkono usiotetemeka. Katika mstari wa karibu aliwapita wanaume wengi wa klabu. Baba akaanza kuota, naye alikuwa haoti mara kwa mara: klabu ilikuwa ikichagua watu wanne wa kwenda mashindano ya taifa, na uchaguzi ungefanywa kwa mstari wa mbali. Binti alikuwa akiitaka nafasi hiyo kuliko baba alivyojua. Alikwisha kumwomba mwajiri wake ruhusa ya safari kabla hata ya kupiga risasi moja ya mbali.

Mstari wa mbali hudai darubini yenye nguvu. Fundi aliinunua, akaileta nyumbani, na asubuhi moja ya mapumziko akaibeba bunduki tupu hadi uani kuifungia darubini yake mpya.

Ndani ya darubini ya bunduki mna nyuzi mbili nyembamba kama unywele, mmoja wima na mwingine mlalo, zinazokutana katikati. Wapiga shabaha huziita msalaba. Darubini yenyewe hushikwa na pete mbili za chuma juu ya bunduki, na kabla skrubu za pete hazijakazwa huweza kuzungushwa kidogo huku na huku. Kazi yote ya mfungaji imo katika mzunguko huo mdogo: bunduki ikisimama sawa, uzi wa wima nao usimame sawa. Fundi aliibana bunduki katika jiliwa la meza yake ya kazi, akaizungushia vipande vya blanketi isichubuke, akaweka pima maji mgongoni mwa chuma, akaisawazisha hadi kile kipovu kikatulia katikati. Mpaka hapo hapakuwa na mtu duniani ambaye angemkosoa.

Hatua iliyofuata ilihitaji kitu kilicho wima kwa hakika, kikiwa mbali kidogo, ili uzi wa ndani ya darubini ulinganishwe nacho. Watu wa kazi hiyo hutundika timazi, yaani uzi wenye kipande kizito cha shaba kwenye ncha, kwa kuwa uzani ukining'inia haumdanganyi mtu. Timazi ilikuwamo mkobani, pale miguuni pake. Lakini mbele yake, ng'ambo ya ua, ulikuwapo mlango wa stoo, na fremu ya mlango ule aliisimamisha yeye mwenyewe mwaka aliohamia katika nyumba hiyo. Akaielekeza darubini huko.

Mkewe alikuwa akianika nguo.

"Baba watoto, si utundike ule uzi wako?"

"Wa nini?"

"Si wewe unayewatundikia watu kila siku? Leo umemaliza kamba?"

"Mama, fremu ile niliiweka kwa mikono hii. Hiyo ndiyo timazi yenyewe, imetiwa rangi tu."

Mke akacheka, akaendelea na vibanio vyake. Fundi akaizungusha darubini kidogo kidogo hadi uzi wa wima ukalala sambamba na ubao wa fremu, ukakaa pale kama uliozaliwa nao. Kisha akakaza skrubu kwa kupishanisha, hii ya kushoto, ile ya kulia, ili pete zisivute upande mmoja. Aliridhika hata akapiga mluzi.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba stoo ile ilikuwa imeketi. Bomba la maji machafu lililopita chini ya kona yake lilikuwa likivuja kwa muda mrefu, udongo ukalainika, na kibanda kizima kikainama upande mmoja taratibu, ukuta, paa, mfereji wa paa na fremu vikienda pamoja. Jicho la fundi hujua kombo kwa kulinganisha kitu na jirani yake, na hapa majirani wote walikuwa wameinama kwa pamoja. Isitoshe, mtu hatazami stoo yake kama atazamavyo ya mteja.

Jumamosi iliyofuata binti alilala kwa mara ya kwanza kwenye mstari wa mbali. Msimamizi wa uwanja, mstaafu wa jeshi mwenye sauti ya kukwaruza, alikaa nyuma ya darubini kubwa ya miguu mitatu akitaja mahali kila risasi ilipopiga. Risasi za mwanzo za binti zilipiga karibu na kati, na msimamizi akaguna, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kupiga makofi. Lakini baba alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe, na kutoka pale aliona kitu kilichomwasha kama siafu ndani ya shati. Bunduki ilikuwa imelala upande. Kidogo sana, lakini imelala.

"Simamisha bunduki, mama."

"Imesimama, baba. Msalaba umesimama."

"Nakwambia imelala. Mimi niko nyuma, nakuona."

Binti akainyoosha, akachungulia tena.

"Nikiinyoosha hivi, msalaba ndio unaolala."

"Msalaba nimeupima mimi. Kinacholala ni shingo yako."

"Baba, mimi nashona mapazia. Kitu kikining'inia kombo nakijua."

"Pazia ni kitambaa. Hiki ni chuma. Simamisha."

Alisimamisha. Na kuanzia risasi hiyo, msimamizi akaanza kutaja upande mmoja tu. "Kulia. Kulia tena. Kulia, upana wa kiganja."

Sababu yake si ngumu kueleza. Risasi iendayo mbali hushuka njiani, kwa hiyo mpigaji huzungusha kifundo kilicho juu ya darubini ili kuipandisha. Kifundo hicho hupandisha kwa kuufuata uzi wa wima. Binti alipousimamisha uzi kwa jicho lake, risasi ilipanda ilikotakiwa, ijapokuwa bunduki ilionekana kuinama. Alipomtii baba na kuinyoosha bunduki, uzi uliinama, na risasi ikapanda kwa mshazari. Kwa mstari wa karibu kosa kama hilo halionekani, kwa kuwa kifundo hakizungushwi. Kwa ufupi, msichana alipoliamini jicho lake alipiga, na alipomwamini baba yake alikosa. Hakuna aliyeliona hilo siku ile, na mtu pekee aliyekuwa na ujuzi wa kuliona alikuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kutoliona.

Baada ya zamu, wapigaji walikusanyika bandani kunywa chai kama ilivyo desturi yao. Miongoni mwao alikuwapo Kinyozi, mpigaji wa wastani na mchekeshaji wa daraja la kwanza, ambaye kweli alikuwa kinyozi.

"Timazi, muache mtoto," alisema. "Mimi shingo ndiyo kazi yangu. Nimezishika za wanene, za wembamba, za waongo. Ya binti yako haina kasoro."

"Wewe unazishika zikiwa zimelala kwenye kiti."

"Na wewe unazishika zikiwa wapi?"

Watu wakacheka. Fundi, aliyekuwa amechomwa na zile "kulia" za msimamizi, akataka kicheko kirudi upande wake. Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni alipokuwa binti akifuta mtutu:

"Mbao iliyopinda nairudisha dukani. Mtoto nitamrudisha wapi?"

Banda zima liliangua kicheko. Hata msimamizi alicheka. Binti hakuinua uso. Aliendelea kufuta mtutu ambao ulikuwa tayari safi. Sentensi hiyo ilipendwa sana klabuni. Kwa majuma mengi ikawa kila risasi inayokwenda kombo, ya mtu yeyote, mtu mmoja husema: "Rudisha dukani!"

Baba hakuona ukatili katika hayo. Samaki mkunje angali mbichi, alisema nyumbani, na akatunga mazoezi. Alimlaza binti sakafuni mbele ya kioo kirefu cha kabati, bunduki tupu begani, pima maji imefungwa kwa mpira juu ya chuma, ili ajifunze kuishika imesimama bila kuusikiliza msalaba. Kila alipolisikiliza jicho lake, kipovu kilimsaliti. Polepole akalinyamazisha. Na kwa kuwa risasi ziliendelea kwenda kulia, alijitafutia dawa ya kienyeji: akawa analenga kushoto kidogo, kwa makisio, bila kumwambia mtu. Siku nyingine makisio yalitosha, siku nyingine hayakutosha. Karakanani, anasema mwenyewe, alianza kufumua mishono iliyokuwa sawa. Msimamizi wa karakana alimkuta akipima upindo wa pazia moja mara ya tatu kwa utepe, akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Nataka tu kuhakikisha."

"Wewe tangu lini unahakikisha? Si wewe tunayekutumia kuhakikisha?"

Mama yake aliliona jambo hilo kwa namna yake. Mtoto aliacha kunyoosha kitambaa cha meza kila apitapo. Mama anasema kitambaa kile kilimtia hofu kuliko machozi, maana machozi hayakuwapo.

Ni mlango wa stoo uliomwamsha baba. Ulikuwa umeanza kufunguka wenyewe. Mkewe aliufunga, ukafunguka. Akauwekea tofali, kuku wa jirani wakaingia hata hivyo.

"Fundi, kwako mlango hauna adabu."

"Bawaba hizo. Nitaziangalia."

"Ulisema hivyo mwezi uliopita. Mganga hajigangi, lakini hata bawaba?"

Alasiri moja ya uvivu, kwa ajili ya kuukatisha mjadala, alichukua bisibisi akaenda. Bawaba zilikuwa nzima. Akafungua mlango nusu, akauachia. Mlango ukaondoka mkononi mwake wenyewe, kwa upole, kama mtu anayetoka mkutanoni bila kuaga. Mlango hufanya hivyo kwa sababu moja tu, na kila mwanafunzi wa useremala anaijua. Kisha akaenda kuleta timazi yake, akaibana juu ya fremu, akaiacha shaba itulie. Chini, kati ya uzi na ubao, vilipita vidole vitatu vilivyobanana.

Anasema hakufikiria stoo hata kidogo. Alihisi uso unapata moto, kuanzia masikioni, kama kijana aliyekamatwa na kitu kisicho chake. Mbele yake ilikuwa fremu. Nyuma yake, ng'ambo ya ua, ilikuwa meza ya kazi na jiliwa. Aligeuka akalitazama jiliwa. Mkono ukiwa bado juu ya ubao, alimsikia mwanawe waziwazi, kama aliyesimama pembeni: nikiinyoosha hivi, msalaba ndio unaolala. Alimwambia hivyo siku ile ya kwanza, na baadaye mara nyingine sakafuni mbele ya kioo, na kila mara yeye alijibu kwa neno shingo.

Mtu mwingine pengine angekwenda moja kwa moja karakanani kumtafuta binti. Fundi alichukua koleo akaanza kufukua kona ya stoo, akafukua kwa hasira hadi akalifikia bomba, akalifunga kitambaa, akafukia. Kisha akakaa juu ya ndoo. Alikuwa akijiuliza nani mwingine atajua.

Siku iliyofuata, binti akiwa kazini na mke akiwa sokoni, aliifanya kazi upya kama ilivyostahili kufanywa tangu mwanzo. Alitundika timazi kwenye nguzo ya kuanikia nguo, akaizamisha shaba ndani ya ndoo ya maji ili upepo usiuyumbishe uzi. Akalegeza pete, akachungulia, akaona kwa macho yake jinsi msalaba ulivyolala. Akausimamisha. Akaipeleka bunduki uwanjani siku ya katikati ya juma, akaiegemeza juu ya mifuko ya mchanga na kupiga risasi chache za mstari wa karibu ili kuirekebisha, bega likimlilia. Msimamizi wa uwanja alimwona.

"Umerudi ujanani, Timazi?"

"Naihakikisha tu."

Jumamosi ilipofika, binti alilala mkekani, akachungulia, akainua kichwa. Akachungulia tena.

"Baba. Umeigusa darubini?"

Hapo palikuwa na mlango wa kuungama, nao ulikuwa wazi. Wapigaji wengine walikuwa jirani, Kinyozi akiwa mkeka wa tatu. Ilitosha kusema ndiyo.

"Nimeifuta vumbi."

"Leo msalaba umesimama. Na bunduki imesimama."

"Basi ni shingo yako," baba akasema. "Imenyooka."

Alipokuwa akilisimulia jibu hilo, fundi alitazama mikono yake, akaomba maji, akanywa, akalirudia neno kwa neno ili lisiandikwe kwa upole kuliko lilivyosemwa.

Aliamini kwamba risasi zingekwenda kati, wote wangefurahi, na ukweli ungezama kama jiwe. Hazikwenda kati. Mwili wa msichana ulikuwa umekwisha kufundishwa. Kidole kilipokaribia kufyatua, jicho lilihama kushoto lenyewe, kama lilivyozoea. Alipojikumbusha na kulirudisha, alichelewa na kuvuta kwa papara. "Kati," akasema msimamizi. "Kushoto. Kushoto zaidi. Sasa huyu naye kahamia upande wa pili!" Mtu mmoja akaita, "Rudisha dukani!" na baadhi wakacheka kwa mazoea. Baba alikuwa amesimama nyuma. Hakucheka, lakini hakumnyamazisha mtu.

Ikawa hivyo Jumamosi hiyo, na iliyofuata, na nyingine. Wakirudi nyumbani mara ya mwisho, binti alisema bila kumtazama:

"Nitamwambia msimamizi anifute kwenye uchaguzi."

"Kwa nini, mama?"

"Zamani nilikuwa nakosa lakini najua ninachokiona. Sasa sijui hata kipi nikiamini. Pengine kweli nimepinda."

Baba akasema, "Hujapinda." Akaishia hapo. Binti alingoja kidogo kuona kama kuna neno jingine linalofuata, kisha akatangulia.

Mke wake ndiye aliyemkaba. Alikuwa ameiona alama ya maji chini ya nguzo na uzi mpya uliosahauliwa juu.

"Ulitundika nini kwenye kamba yangu ya nguo?"

"Timazi."

"Ya kupimia?"

Fundi aligeuka kama anayetaka kwenda zake, na mke, ambaye anaijua mienendo yake kama anavyokijua kikohozi chake, akaketi chini. Fundi alimweleza yote pale pale, fremu, bomba, pete, vumbi ambalo halikufutwa. Mke hakupiga kelele. Alisema:

"Kwa hiyo mtoto amelala sakafuni miezi yote hii akinyoosha shingo nzima."

"Ndiyo."

"Na unajua."

"Najua."

"Mwambie."

"Nitamwambiaje, mama? Nianzie wapi?"

"Ulimcheka kwa mdomo upi?"

"Huu."

"Basi huohuo. Na kulekule ulikomchekea. Usije ukamnong'oneza jikoni halafu ukatoka nje na jina lako la Timazi limenyooka."

Siku ya uchaguzi banda lilijaa. Binti alikuwa amekuja ili kufuta jina lake. Bunduki alikuwa ameileta kwa sababu tu msimamizi alimwambia afanye hivyo, abadili nia au asibadili. Fundi alisimama kando ya birika la chai, kofia mkononi.

"Jamani, nina neno."

"Litoe, mzee, lisije likakuzalia humo," akasema Kinyozi.

"Binti yangu hana shingo mbovu. Hajawahi kuwa nayo."

"Si nilisema mimi!"

"Darubini niliifunga kombo. Nilipimia fremu ya stoo yangu, na stoo imeinama. Yeye aliona, akaniambia. Nikamwambia anyamaze."

Kicheko cha kwanza kilitoka, kwa sababu walidhani ni utani na kwa sababu Timazi kupinda ni jambo la kuchekesha kweli. Kinyozi alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema nyani haoni kundule, lakini alimtazama fundi usoni, akaufunga. Kicheko kikapungua mtu mmoja mmoja, hadi kikabaki kile cha mzee mmoja asiyesikia vizuri, naye akaguswa kiwiko.

Binti alikuwa bado ameketi.

"Ulijua lini?"

Baba anakiri kwamba neno "jana" lilikuwa tayari ulimini.

"Kabla ya ile Jumamosi uliyoniuliza."

"Nilipokuuliza kama umeigusa."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nini?"

"Nilikwambia nimefuta vumbi."

"Na kingine."

"Mama, hapa mbele za watu…"

"Kingine, baba."

"Nilikwambia ni shingo yako imenyooka."

Msimamizi wa uwanja alitazama viatu vyake. Naye alikuwa amecheka siku ile ya mbao. Binti alisimama, akachukua bunduki, akafungua kifuniko cha darubini, akachungulia nje kupitia mlango wa banda, kwa muda mrefu, akiulinganisha msalaba na kitu ambacho wengine hawakukijua. Kisha akamgeukia msimamizi.

"Jina langu lingalipo?"

"Lipo."

"Liache." Halafu akamgeukia baba. Sauti yake, wote waliokuwapo wanakubaliana, ilikuwa ya heshima, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kusikiliza. "Nakuomba leo usisimame nyuma yangu."

"Nitakaa pembeni."

"Wala pembeni. Nakuomba utoke nje ya uzio."

Fundi alivaa kofia yake, akatoka. Njia ya kutoka hupita nyuma ya mikeka yote, na watu walikuwa wakijipanga. Kinyozi alimgusa bega, lile bovu, kisha akaondoa mkono haraka kama aliyeshika kitu cha mtu.

Langoni alikuwapo mlinzi, kijana mwenye redio ndogo, aliyezoea kumwona akiingia.

"Mzee, mbona unatoka? Wanaanza."

"Nimeambiwa nisubiri hapa."

"Na nani?"

"Na mwenye bunduki."

Mlinzi alidhani ni kanuni mpya, akampa nusu ya benchi. Milio ikaanza. Fundi alijaribu kuitenganisha, huu wa binti, huu wa Kinyozi, lakini kutoka nje ya uzio milio yote ni sawa, na sauti ya msimamizi akitaja kulia na kushoto haifiki huko. Alikaa, viganja juu ya magoti, akitazama barabara kwa kuwa hakuthubutu kuangalia upande wa uwanja. Jua lilihama kutoka mguu wake mmoja kwenda mwingine. Mara mbili mlinzi alimwuliza kama anataka maji, na mara mbili alisema asante, hapana, kwa sauti ya mgeni.

Binti alitoka pamoja na wengine. Hakuwa miongoni mwa wanne. Alikuwa wa tano. Wa akiba, atakayesafiri iwapo mmoja ataugua. Risasi zake za mwisho, alimsimulia mama yake baadaye, zilikwenda alikotaka. Za mwanzo zilihama kushoto kabla hajaweza kuuzuia mkono.

"Wa tano," alimwambia baba.

Fundi alinyanyuka. Alikuwa na mengi ya kusema: kwamba ataingia ndani kumweleza msimamizi, kwamba Jumamosi moja zaidi ingetosha, kwamba aliyemnyang'anya nafasi ile ni yeye baba, wala si wapigaji waliompita. Alifungua kinywa.

"Usiseme kitu, baba. Bado."

Fundi alinyoosha mkono kupokea mfuko wa bunduki, kama alivyofanya kila Jumamosi tangu msichana alipoanza kupiga, kwa kuwa ni mzito na njia ni ndefu. Binti aliuhamishia bega la pili, lililokuwa mbali naye, akaanza kutembea. Fundi alimfuata mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi.